Kiporo cha Ukurasa wa Ijumaa

Katika mji wote wa Dodoma hapakuwa na mtoto aliyeijua kompyuta kama Zipora. Hilo halina ubishi, aulizwe yeyote. Ila haki isemwe yote: mwaka ule watoto wa Dodoma waliowahi kuigusa kompyuta wangeenea kwenye mkokoteni mmoja wa maji, na punda asingelalamika. Na wengi wao waliigusa mara moja tu, wakafukuzwa.

Zipora alikuwa darasa la sita. Aliishi na mama yake mdogo, Lydia, nyuma ya soko la Majengo. Lydia alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma kwa miaka mingi, mpaka shirika likauzwa kwa mtu binafsi, na wapiga chapa wakaambiwa asanteni, nendeni salama. Wenzake walilia. Yeye naye alilia, lakini alipomaliza kulia akafungua duka: kompyuta mbili, mashine ya kutolea nakala iliyokuwa ikikohoa kama mvuta kiko, na waya wa simu uliowaunganisha na ulimwengu mzima, siku ambazo ulimwengu ulikubali kupokea simu.

Kila siku Zipora alitoka shule, akala, akafuta vumbi dukani. Mtu asiyeijua Dodoma ya mwezi wa nane hajui maana ya kufuta vumbi. Unaanza upande huu wa meza, na ukifika upande wa pili, huku ulikotoka kumeshakuwa kwekundu tena. Akimaliza, au akichoka, alikaa mbele ya kompyuta ya karibu na mlango na kuwangoja wakulima wa zabibu.

Wakulima walikuja kwa ajili ya zamu. Kulikuwa na kiwanda kipya cha mvinyo, na kiwanda hakiwezi kupokea zabibu za watu wote siku moja. Mwanzoni zamu ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa getini, na wakulima walilala nje ya geti kama mbuzi wa mnadani. Kisha kijana mmoja wa kiwandani, Thobias, aliyesomea mambo ya kompyuta, akatengeneza programu. Mkulima alipeleka kichala cha zabibu kupimwa utamu, jina lake likaingizwa. Programu ilipanga majina kwa zamu, ikayakata kurasa kurasa, ukurasa mmoja siku moja, na yeyote mwenye intaneti aliweza kuusoma popote alipo. Wakulima hawakuwa na intaneti. Walikuwa na Zipora.

Thobias alikuwa mpangaji wa nyumba ya jirani, na jioni alipenda kupita dukani mihogo ya Lydia inapoanza kunukia. Siku moja, mdomo umejaa, aliwaeleza siri ya programu yake.

"Kompyuta ya kiwanda imezeeka, dada Lydia. Kupika ukurasa mmoja, inabidi ipekue wakulima wote, ione nani zabibu zake zimeiva, nani anafuata, nani asogezwe. Watu wengi wakiuliza kwa pamoja inazimia. Kwa hiyo nimeitengenezea kabati. Ukurasa ukishapikwa, nakala yake inawekwa kabatini. Mtu mwingine akiuomba, anapakuliwa ile ile ya kabatini. Haraka, chap!"

"Yaani kiporo," alisema Lydia.

"Si kiporo, dada. Ni nakala ya akiba."

"Umepika jana, unapakua leo. Kwetu hicho ni kiporo, hata ukikivalisha tai."

Thobias alimeza mhogo. "Haya, kiporo. Lakini chini ya kila ukurasa kuna kitufe kimeandikwa 'Ita Upya'. Ukikibonyeza, kiporo cha ukurasa huo kinamwagwa, unapikwa mwingine. Cha huo tu. Kila ukurasa una kiporo chake."

Tangu siku hiyo Lydia aliweka sheria. Mkulima akija kuthibitisha zamu kabla ya kukata zabibu, Zipora amwitie upya kurasa zote, wa kwanza hadi wa mwisho, maana zabibu zikishakatwa hazina subira. Sheria ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ndefu. Ukurasa wa kabatini ulikuja kabla hujapiga chafya. Ukurasa ulioitwa upya ulikuja kwa waya wa simu ukijikongoja. Ungeweza kumenya muwa, ukaula, na ukazunguka kutafuta pa kutupa makapi, ndipo jina la kwanza litokeze.

Jumatatu moja alikuja Bibi Evarista wa Hombolo, mjane mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Zipora alimsomea zamu yake.

"Alhamisi, Bibi. Wewe ndiye wa mwisho kabisa kwenye ukurasa."

"Wa mwisho si haba. Ndiye anayefunga mlango," alisema Bibi Evarista akacheka. Kisha akavuta kigoda karibu, akapunguza sauti mpaka ikatosha chumba tu. "Unajua, mjukuu wangu, lile shamba ni la ukoo wa marehemu mume wangu. Shemeji yangu, Yoramu, anasema zabibu ni zao la wajinga kwa sababu halisongwi ugali. Ameshanoa jembe. Tumekubaliana mbele ya ukoo: mavuno haya yakipokelewa kiwandani, mizabibu inabaki. Yasipopokelewa, anaing'oa yote tunarudisha uwele. Na mimi nimetoa neno langu."

Alicheka tena, lakini vidole vyake vilikuwa vimelikamata pindo la kanga kama mtu anayevuka mto.

Jumatano mchana alirudi kuthibitisha, kama wote walivyofanya kabla ya kukata. Lydia alikuwa amekwenda kununua karatasi. Na nje, kwenye uwazi wa nyuma ya soko, palikuwa na rede. Si rede ya kawaida. Wasichana wa mtaa wa pili walikuwa wametangaza kwamba wa Majengo wanakwepa mpira kama ng'ombe wa maksai, na Jenifa, rafiki wa Zipora, alikuwa dirishani.

"Zipo, njoo! Tumebaki wawili! Usipokuja tunakuwa kichekesho mpaka Krismasi!"

"Nakuja! Nina mgeni!"

Zipora akabonyeza 'Ita Upya' kwenye ukurasa wa Alhamisi. Waya ukaanza kukoroma. Bibi Evarista alikaa, mikono magotini. Dirishani Jenifa alikuwa akirukaruka kama bisi kwenye sufuria. Hatimaye ukurasa ukaja. Zipora akauteremsha mpaka chini kabisa. Jina la mwisho lilikuwa la mtu mwingine. Akarudia kutoka juu. Bibi Evarista hakuwamo.

"Ngoja nitazame Ijumaa," alisema. Akaufungua ukurasa wa Ijumaa. Ukaja mara moja, chap, kutoka kabatini. Chini yake kitufe cha 'Ita Upya' kilikuwa kikimtazama.

"Zipo! Nimebaki peke yangu!"

Akayapitisha macho majina ya Ijumaa. Hakuwamo pia.

"Hupo, Bibi."

Bibi Evarista hakuelewa mara moja. "Sipo wapi?"

"Hupo Alhamisi, wala hupo Ijumaa."

"Kuna kile kitufe chenu cha kuita upya. Umeziita kurasa zote?"

Hapo ndipo ulimi, ambao hauna mfupa na siku hiyo haukuwa na haya, ulipotangulia mbele ya kichwa. "Zote nimeziita upya, Bibi. Zote kabisa."

Bibi akanyanyuka polepole. Akaifunga kanga yake vizuri, kama anayekwenda kanisani. "Basi wamenifuta," alisema. "Kesho asubuhi Yoramu ataingia shambani. Ahsante, mjukuu wangu. Wewe umefanya kazi yako."

Zipora alikimbilia kwenye rede. Majengo walishinda. Na mpira ule wa matambara uliokuwa ukimkosakosa haukumpiga mahali popote, lakini yale maneno, wewe umefanya kazi yako, yalikuwa yamempata kifuani.

Jioni, jua likiwa limeshakaa juu ya mapaa, akaja Mzee Respicius. Huyu alikuwa fundi seremala mstaafu, mkulima wa zabibu, na mtu asiyemwamini hata mke wake akimwambia chai imeiva.

"Nitazamie zamu yangu ya Ijumaa," alisema. "Na usinipakulie kiporo. Nitasimama hapa hapa nione kidole chako kikibonyeza."

Zipora akabonyeza. Wakangoja. Mzee Respicius alipata muda wa kumweleza ubaya wa misumari ya siku hizi. Ukurasa wa Ijumaa ukaja, na jina la kwanza, juu kabisa, lilikuwa Evarista wa Hombolo.

Zipora alilisoma tena, herufi kwa herufi.

"Mimi niko wa sita," alisema Mzee Respicius akiwa ameegemea kioo. "Jana nilikuwa wa tano. Kuna mtu amenisukuma!"

Amenisukuma. Zipora akakumbuka dawati lao darasani. Dawati moja linaketisha watatu. Akija mwanafunzi mpya, na mwalimu akamketisha dawati la mbele, wote wanasogea, na yule wa mwisho wa dawati la mbele anahamia dawati la nyuma yake. Sasa ukilitazama dawati la mbele leo, halafu la pili ukalitazama kwenye picha ya jana, yule aliyehama hutamwona popote. Mbele ameshatoka. Kwenye picha bado hajafika. Kumbe yupo, amekaa, anasubiri kuitwa jina.

Ndivyo ilivyokuwa. Mkulima mmoja wa Chamwino zabibu zake zilikuwa zimeiva kupita kiasi, zikapewa zamu ya mbele Alhamisi. Wote wakasogea. Bibi Evarista, aliyekuwa akifunga mlango wa Alhamisi, akawa anafungua mlango wa Ijumaa. Na Zipora alikuwa amemsomea Alhamisi ya moto na Ijumaa ya kiporo.

Mzee Respicius alipoondoka, Lydia aliingia na karatasi zake kwapani, uso umekunjamana.

"Nimekutana na yule Bibi Evarista akipanda gari la Hombolo. Amesema jina lake limefutwa. Wewe ndiye uliyemtazamia?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Ukamwitia upya kurasa zote?"

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kweli, na nafasi nzuri zina tabia ya kuja wakati mtu hajajiandaa. "Ndiyo. Zote. Ila sasa hivi... sasa hivi limetokea. Ijumaa, wa kwanza."

Lydia akauinamia ukurasa. Akausoma mara mbili. Kisha akatikisa kichwa. "Basi mashine ya Thobias imepata wazimu. Umeita zote, haikumwona. Umeita tena, imemwona. Tutajuaje kwamba sasa ndiyo inasema kweli? Tukimpelekea habari bibi wa watu, akate zabibu zote, azifikishe getini aambiwe hayupo, atachekwa na shemeji yake mpaka kaburini. Hapana. Thobias aikague kwanza. Akishaipata kasoro, ndipo tuseme."

"Ataikagua lini?"

"Kazi kama hiyo? Labda Jumamosi."

Zipora akaketi. Jumamosi shamba litakuwa uwanja. Alitaka kusema, mama mdogo, mashine ni nzima. Lakini mashine ikiwa nzima, basi mgonjwa ni nani? Hapo ndipo alipoona uongo wake ulikuwa umekaa wapi. Ulikuwa umekaa mlangoni, miguu imenyooshwa, na ukweli ulikuwa nje hauwezi kupita.

Walisonga ugali. Walikaa kula. Zipora alilikata tonge, akalichovya, akalirudisha kwenye sahani. Lydia alimtazama kwa pembe ya jicho. Tonge la pili nalo likarudi.

"Mama mdogo, mashine haina wazimu."

"Nani kakwambia?"

"Niliita ukurasa mmoja tu. Wa Ijumaa niliusoma wa kabatini. Nilikuwa nakimbilia rede. Nilipoulizwa nikasema zote. Na wewe ulipouliza nikasema zote." Machozi yalikuwa yameshaingia kwenye mchuzi. "Wa sasa hivi nimeuita kweli. Mzee Respicius aliona kidole changu."

Lydia naye alilirudisha tonge lake sahanini.

"Kwa hiyo Evarista yupo Ijumaa. Ni kweli kabisa."

"Ni kweli. Wa uongo ni mimi."

"Nawa mikono," alisema Lydia, naye akainuka. "Kukugombeza nitakugombeza, wala usidhani nimesahau. Lakini kwanza twende kwa Thobias. Ana pikipiki."

Alfajiri ya Alhamisi Thobias na Zipora walikuwa njiani kwenda Hombolo, upepo wa baridi ukiwachapa masikio, vumbi likiwapaka rangi moja wote wawili. Walipofika, jua lilikuwa limechomoza juu ya shamba, na mashina matatu ya mizabibu yalikuwa yamelala chini, mizizi imetazama mbinguni. Mzee Yoramu, mtu mfupi mpana kama kinu, alikuwa ameliinua jembe juu ya shina jingine. Bibi Evarista alikuwa amekaa kwenye gogo. Alikuwa amelipa shamba mgongo, asione.

"Shikamoo, Babu!" Zipora alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama.

Jembe likabaki hewani. "Marahaba. Mmekuja kununua kuni? Hizi ni mbichi, zitawatoa machozi."

Thobias akajikung'uta, akakohoa kisomi. "Mzee wangu, kulikuwa na tofauti baina ya nakala za kurasa, kwa sababu hifadhi ya muda ya ukurasa mmoja ilikuwa haijaondolewa wakati ile ya..."

"Huyu anaumwa?" Mzee Yoramu alimuuliza Zipora.

"Anataka kusema Bibi Evarista yupo, Babu. Zamu yake ni kesho."

"Jana mashine ilisema hayupo. Leo inasema yupo. Mtu wa namna hiyo hapa Hombolo hatumwozi binti." Akatemea mate viganjani, akalishika jembe vizuri. "Tokeni, msije mkakatwa miguu."

Zipora alitamani kuwa popote pengine, hata kwenye mtihani wa hesabu. Akapita katikati ya mistari ya mizabibu, akasimama mbele ya lile shina.

"Babu, mashine haikusema uongo. Niliyesema uongo ni mimi."

Akaeleza. Hakuificha rede, hakuuficha ukurasa wa kabatini, hakuyaficha maneno aliyomwambia Bibi.

"Rede," alisema Mzee Yoramu, kama mtu aonjaye kitu asichokijua. "Mizabibu ya kaka yangu inang'olewa kwa sababu ya rede."

"Ndiyo, Babu. Nisamehe."

Bibi Evarista alikuwa ameshageuka kwenye gogo lake. Macho yake yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa vumbi. "Rudia, mjukuu wangu. Nipo au sipo?"

"Upo, Bibi. Ijumaa, wa kwanza."

Mzee Yoramu alimtazama mtoto, akamtazama shemeji yake, akalitazama jembe. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mtu wa kukwepa neno lake. "Makubaliano yalikuwa kiwanda kipokee," alisema. "Bado hakijapokea. Basi jembe litapumzika mpaka kesho. Wakikataa, namalizia, na huyu mtoto nampa jembe la pili."

"Na wakipokea?" aliuliza Bibi Evarista, sauti ya kuita ng'ombe imemrudia.

"Wakipokea nitabeba matenga mwenyewe, kijiji kizima kinione."

"Thobias, mwanangu," alisema Bibi akijifunga kanga kiunoni, "unajua kukata zabibu au unajua kuzizungumzia tu?"

Siku ile walikata mpaka mikono ikanata kama ya watoto waliolamba asali. Majirani walikuja kusaidia, wengine kwa upendo, wengine kutaka kuona kama Yoramu atabeba kweli. Ijumaa asubuhi gari la kukodi lilisimama kwenye geti la kiwanda, Lydia akiwa ameshafika kuwangoja. Karani alitazama kompyuta yake. Zipora alimshika Lydia mkono.

"Evarista wa Hombolo. Wa kwanza. Ingieni."

Zabibu zikapimwa utamu, karani akaitikia kwa kichwa, mlango wa ghala ukafunguliwa. Mzee Yoramu akabeba. Tenga la kwanza alilibeba amenuna. La pili alilibeba kimya. Kufika mchana alikuwa akiwaambia wakulima wengine getini, "Zabibu zetu sisi huwa hivi, tamu. Siri ni udongo." Bibi Evarista alimsikia na kumwachia, ushindi mwingine ni vizuri kuula kimya kimya.

Mashina matatu yaliyong'olewa hayakutupwa. Mzee Yoramu aliyakata vipande, akavipanda pembeni mwa shamba kwenye kivuli cha majani. Kuhusu kumgombeza Zipora, Lydia alitimiza ahadi yake kwa urefu na upana, kisha akampa na adhabu ya kazi: likizo yote fupi ya mwezi wa tisa alikwenda Hombolo kumwagilia vile vipande, ndoo kwa ndoo. Alirudi mabega yakiuma. Lakini siku moja kabla ya kurudi, aliona chipukizi dogo la kijani kwenye kipande kimoja, akapiga kelele hadi Mzee Yoramu akaja mbio akidhani ni nyoka.

Wiki ile shule ilipofunguliwa, Bibi Evarista alipita dukani kuleta kisahani cha zabibu kavu. Mzee Respicius alikuwepo, amekuja kuulizia zamu ya mavuno yake yaliyobaki. Thobias alikuwepo pia, kwa kuwa mihogo ilikuwepo.

Zipora alimkaribisha Bibi kigoda, akainamisha kichwa. "Bibi, bado nasikia aibu nikikuona."

"Aibu ni dawa, ila usiimalize chupa nzima." Bibi Evarista akaketi. "Nisikilize, na wengine mnaotafuna msikilize. Mimi kiporo nakila kila asubuhi na chai, na nimefikia umri huu. Kiporo si dhambi. Hata hiki cha mashine si dhambi; bila kabati lile tungengoja hapa mpaka zabibu ziwe zabibu kavu. Dhambi ni kumwekea mgeni kiporo ukamwapia kwamba kimetoka jikoni sasa hivi. Mgeni mwambie, hiki ni cha jana. Ale au angoje, uamuzi ni wake. Ukimdanganya, umemnyang'anya uamuzi, naye ataujenga moyo wake au kuubomoa juu ya kitu ambacho hakipo. Na tazama: uongo wako wa kwanza ulikuwa mdogo kama chawa. Lakini ulipoulinda kwa wa pili, hata ukweli ulipokuja mlangoni haukuaminika tena. Ungechelewa siku moja kusema, ningekuwa nalima uwele."

"Nimeelewa, Bibi. Siku hizi nawaambia: huu umepikwa saa fulani, ngoja nikuitie wa moto."

"Na wote wanangoja," alisema Lydia. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika."

Thobias alikuwa ameitikia kwa kichwa hotuba nzima, kwa uchungu kama mzee wa kanisa. "Maneno mazito sana, Bibi. Kweli tupu ndiyo ngao ya mtu. Na mimi upande wangu nimeshatengeneza. Sasa jina jipya likiingia tu, programu yenyewe inamwaga viporo vyote, vya kurasa zote. Hakuna haja tena ya kubonyeza 'Ita Upya'. Nimeijaribu mwenyewe, inakwenda kama maji."

"Hongera!" alisema Mzee Respicius. "Hebu nione zamu yangu bila kitufe."

Zipora akafungua Jumatatu. Ukurasa ukaja chap. Jina la mwisho, chini kabisa: Respicius. Akafungua Jumanne; huo ukaja ukijikongoja. Jina la kwanza, juu kabisa: Respicius.

Mzee Respicius akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Niko wawili?" aliuliza Mzee Respicius. "Mke wangu husema hata huyu mmoja amezidi."

"Jumatatu ni ya kabatini, kaka Thobias," alisema Zipora taratibu. "Haikumwagwa."

"Ajabu," alisema Thobias. "Ajabu kabisa. Nilipoijaribu ilimwaga vyote."

"Uliijaribu lini, mwanangu?" aliuliza Bibi Evarista.

"Jana, Bibi. Jana mchana, pale pale kiwandani, kwenye mtambo wenyewe."

Lydia aliacha kumenya mhogo. "Jana mchana? Si ndiyo ulikuja hapa kuniambia kiwandani hakuna umeme tangu asubuhi, ukakaa kwenye kiti hicho hicho ukila mpaka jua likazama?"

Thobias akaanza kuitafuta kofia yake chini ya meza, akaitafuta nyuma ya mlango, akaitafuta mpaka kwenye sufuria ya mihogo, na kofia ilikuwa kichwani.